Nishani ya Kopo la Vifungo

Ugonjwa wa kukusanya vitu vya kale ulimwingia Mama Vifungo kupitia koti. Mteja alimletea koti kuukuu alipunguze mikono, na fundi huyu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa ameshona na kufumua nguo za watu, akaona kwamba vifungo vyake ni vya shaba nzito vyenye picha ya nanga. Aliviomba, akapewa, akavisugua kwa majivu na ndimu mpaka vikang'aa, na tangu siku hiyo hakuweza kupita mbele ya kitu cha zamani bila kusimama. Ilikuwa imepita miezi mitatu tu. Katika miezi hiyo alikwisha kuwa na makopo saba ya vifungo, sarafu kumi na mbili, beji ya dereva wa garimoshi, na hilo jina jipya ambalo wateja walimbandika likamganda.

Alikuwa mjane, na watoto wake walishajitegemea. Aliishi na dada yake mkubwa, askari jela mstaafu, ambaye kazi alikuwa ameiacha lakini kushuku watu hakuacha. Wageni wakiondoka, dada alihesabu vijiko. Fundi umeme akija kutengeneza taa, dada alivuta kiti akakaa chini ya ngazi mpaka mtu wa watu ashuke.

Jumamosi moja, mtaa wa tatu kutoka kwao, mwanamke mmoja alikuwa ametandaza vitu vya mzee aliyefariki barazani kwake: viatu, redio isiyo na betri, mabunda ya karatasi ngumu, brashi za gundi. Alieleza kwamba marehemu alikuwa baba mkwe wake, fundi wa kujalidi vitabu, na kwamba mumewe, kabla ya kusafiri kikazi, alimwambia apunguze vitu ili chumba kipakwe rangi. Mama mkwe wake alikuwa amepelekwa kwa ndugu yake akapumzike wiki mbili. Mama Vifungo alichagua kopo la biskuti lililojaa vifungo, akalikumbatia njia nzima kama mtoto.

Nyumbani alilimwaga juu ya meza ya kukatia nguo. Vifungo vingi vilikuwa vya plastiki, vya mashati ya juzijuzi. Chini kabisa kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cha flaneli kilichofungwa kwa uzi. Alipokifungua, kikamdondokea kiganjani kitu cha mviringo, cheupe, kinachoning'inia kwenye utepe wa buluu wenye mistari myembamba myeupe na myekundu pembeni. Upande mmoja ulikuwa na mwanamume na mwanamke waliovaa mataji, wametazama kushoto. Upande wa pili ulikuwa na taji, herufi tatu zilizosukana, na tarehe ya mwezi wa Mei mwaka 1937.

Alimwita dada. Dada aliigeuza nishani mara mbili, kisha akauliza kitu cha mfalme kilikuwa kinatafuta nini kwenye kopo la vifungo vya mashati. Mtu hafungi kitu kwenye flaneli na kukizika chini ya kopo, alisema, ila kama anakificha.

Jumatatu Mama Vifungo alifunga cherehani mapema akaenda kwa mwenye duka la sarafu na stempu. Watu walimwita Miwani kwa sababu alivaa mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. Duka lake lilikuwa chumba chembamba kati ya famasi na mahali pa kutolea fotokopi. Ukutani kulikuwa na cheti kinachomtaja kuwa mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji, na nyuma ya kaunta ya kioo pazia la kijani lilificha chumba cha ndani. Mama Vifungo alikuwa amewahi kununua sarafu mbili hapo na alimheshimu kama mwanafunzi anavyomheshimu mwalimu.

Aliiweka nishani juu ya kioo. Miwani alinyoosha mkono, halafu mkono ukasita hewani kidogo kabla ya kuishika. Hakushusha miwani ya pili. Alisema ni ukumbusho tu, kwamba siku za kutawazwa kwa mfalme yule vitu hivyo viliuzwa madukani kama peremende, na kwamba hii haina maana yoyote. Kisha akauliza imetoka wapi. Mama Vifungo akamwambia ameinunua pamoja na vifungo. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, imenunuliwa nyumba gani hasa. Hapo mama huyu, bila kujua kwa nini, akajibu kwamba amesahau.

Miwani akasema ngoja aiangalie kwenye taa kali, akaingia nayo nyuma ya pazia. Alikaa huko dakika mbili au tatu. Mama Vifungo alisikia droo ikifunguliwa na kufungwa. Alipotoka, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Niachie tu," alisema. "Nitakupa vifungo viwili vya fedha halisi badala yake. Wewe ndiye mtu wa vifungo, vitakufaa hivi."

Mama Vifungo alisema atafikiri. Alinyoosha mkono, na ilibidi angoje mbele ya kaunta kwa muda usiopendeza kabla Miwani hajamrudishia kitu chake.

Dada alipoelezwa hakuhitaji hata kukaa. "Mtu atoe fedha ili apewe bati?" aliuliza. "Huyo anataka kukupiga changa la macho. Na kule nyuma ya pazia alikuwa anafanya nini?"

Tangu hapo nyumba ikaingiwa na wasiwasi. Nishani ilihamishwa kutoka kwenye droo ya cherehani kwenda chini ya godoro, kutoka chini ya godoro kwenda ndani ya mfuko wa pamba ya mito. Jumatano akaja mwanamume mrefu, mgeni kabisa, na suruali ya kupunguza. Alipokuwa akipimwa aliyatazama makopo kwenye rafu, akauliza kama fundi ana vitu vingine vya zamani. Mama Vifungo machale yakamcheza. Alikosea kipimo mara mbili. Dada alitokeza kutoka jikoni akamuuliza yule bwana anafanya kazi wapi, anaishi na nani, na nani aliyemwelekeza hapa. Maskini aliondoka bila risiti, suruali ikabaki. Baadaye sana ndipo alipomtuma mkewe kuichukua, na mke akaeleza kwamba binti yao alikuwa ametumwa na mwalimu wa sanaa apeleke vifungo vya zamani shuleni. Lakini wiki ile, kwa akina dada hawa wawili, alikuwa mpelelezi wa Miwani na hakuna aliyebisha.

Ijumaa Mama Vifungo alikwenda maktaba. Mkutubi, mwanamke mmoja mpole mwenye sauti ya wodini, alimletea kitabu kinene cha nishani za Waingereza, chenye picha. Hakikuazimishwa, kwa hiyo akakaa nacho kwenye meza ya dirishani mpaka chai ya saa kumi ikapita. Alizitazama za vita, za polisi, za yubile ya mfalme aliyetangulia. Kila ukurasa aliona kitu kinachokaribia lakini si chenyewe. Halafu akafunua, na hao hapo: mfalme na malkia, mataji, wametazama kushoto, hakuna maandishi yoyote upande wao. Kitabu kilisema ni nishani rasmi ya kutawazwa, ya fedha, waliyopewa watu waliochaguliwa, na haikuandikwa majina. Vitu vya ukumbusho vilivyouzwa madukani vilikuwa vingine, na mkutubi alimwonyesha picha zake: vingi vilikuwa na maneno yamewazunguka mfalme na malkia kama ukosi.

Kwa hiyo Miwani alidanganya. Mama Vifungo alihisi furaha na hasira vikimpanda kwa pamoja. Alinakili kila kitu kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, hata upana: milimita thelathini na mbili.

Ni ule upana uliomharibia usiku wake. Aliporudi alichukua rula ya chuma akaipima nishani. Ilikuwa thelathini na moja na kitu. Akapima tena, upande huu na upande ule. Miaka thelathini ya kukata nguo ilikuwa imemfundisha kwamba rula haina upendeleo. Akachukua kioo cha kukuzia anachotumia kutungia sindano. Shanga ndogo za kwenye taji, ambazo kitabuni zilihesabika moja moja, hapa zilikuwa zimeungana kama uji ulioganda. Usoni pa mfalme kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama vya simenti iliyopigwa haraka. Ukingoni, ukikisogeza kioo taratibu, ulionekana mstari mwembamba uliosuguliwa kwa tupa.

Ndipo akautazama utepe. Utepe ulikuwa hariri ya kweli, ya zamani, imepauka palipokunjwa. Lakini mshono ulioushika kwenye pete haukuwa wa zamani. Uzi ulimeremeta. Aliukata ncha, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukawa jivu. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki tone gumu jeusi. Ni uzi wa polista, ule ule anaoununua kila mwezi kwa maboksi. Mwaka 1937 hakuna fundi aliyekuwa nao.

Mtu alikuwa amefumua utepe halisi kutoka kwenye nishani halisi akaushonea kwenye hii.

"Alikubadilishia kule nyuma ya pazia," dada alisema. "Nilikwambia mimi."

Mama Vifungo alitaka kukubali, ingemrahisishia hasira. Lakini mshono kama ule, wa mkono, wenye mafundo matatu, haufanywi kwa dakika mbili na mtu asiyejua kwamba mteja anakuja. Na sasa alipokumbuka, siku ya kwanza kabisa, mezani, kidole gumba chake kilipita juu ya mafundo yale yale. Dada alisema basi Miwani ana mwenzake. Mwenzake nani? Yule mwanamke wa barazani? Walilizungusha jambo hilo mpaka chai ikapoa, na kila walipolizungusha watu wa kushukiwa wakaongezeka.

Jumatatu alirudi dukani. Mara hii hakusalimia kwa heshima ya mwanafunzi. Aliweka juu ya kioo nishani, na kando yake, kwenye kipande cha karatasi nyeupe, lile tone jeusi la uzi.

Miwani alilitazama tone. Akatoka nyuma ya kaunta, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba duka limefungwa, akapiga komeo. Mama Vifungo akasogea karibu na mlango.

"Umetumwa na nani?" Miwani aliuliza. "Katibu wa chama? Anataka nini, nijiuzulu?"

Wiki nzima Mama Vifungo alikuwa akimwogopa mtu huyu, na kumbe mtu huyu naye alikuwa akimwogopa yeye, mshona nguo, akidhani amekuja kumtia kitanzi. Alimwambia hakutumwa na mtu. Alitaka kujua tu nishani halisi iko wapi, na nani aliyeibadilisha.

Miwani aliketi kwenye kigoda. Alisema hakubadilisha kitu wiki iliyopita. Aliingia ndani ili kuhakikisha tu. Alikwenda nyuma akarudi na kipande cha kalibu ya plasta kilichovunjika, na ndani ya plasta hiyo, kwa upande wa kinyume, walikuwamo mfalme na malkia.

"Hii niliitengeneza mimi," alisema. "Kwa mikono hii. Miaka kumi na miwili iliyopita."

Alieleza kidogo kidogo. Mzee mmoja, fundi wa kujalidi vitabu, alikuja na nishani iliyokuwa ya baba wa mkewe. Baba huyo alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi na alivalishwa nishani hiyo enzi zake. Mke alikuwa amelazwa, macho yanataka kupasuliwa, na hospitali haikuwa ya kungoja. Mzee aliiuza. Ila aliomba atengenezewe nyingine ya kufanana nayo, iwe imerudi mahali pake kabla mke hajatoka hospitali, kwa maana alikuwa hajamwambia na hakukusudia kumwambia. Miwani alimimina mchanganyiko wa bati kwenye kalibu hiyo, nao ulipopoa ukanywea kidogo, akaupaka fedha, akahamisha utepe na kuushona mwenyewe. Halisi akaiuza kwa mkusanyaji wa ng'ambo.

"Ulimwambia ni kitu gani?" Mama Vifungo aliuliza.

Miwani alikigeuza kile kipande cha plasta kiganjani.

"Huyo mzee. Alipokuletea. Ulimwambia ni kitu gani?"

Mwenyekiti wa chama akavua miwani ya kwenye paji la uso akaiweka juu ya kioo. "Nilimwambia ni ukumbusho tu," alisema. "Maneno yale yale niliyokwambia wewe."

Malipo aliyompa mzee hayakutosha hata nusu ya gharama za hospitali, na baadaye alisikia kwamba mzee aliuza mashine yake ya kubania vitabu ili amalizie. Hakujalidi tena. Miwani alikuwa anaanza biashara siku hizo, alisema, kisha akaona mwenyewe kwamba hilo halikuwa jibu, akaliacha.

Mama Vifungo alitoka pale bila kujua amwamini kiasi gani. Mtu anayekiri hukiri pia kwa vipimo. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: kitu hiki kilikuwa cha watu, na hakikupaswa kuuzwa na vifungo. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ile ya baraza.

Alimkuta yule mkamwana amevimba macho. Mama mkwe alikuwa amerudi tangu Alhamisi, na tangu Alhamisi alikuwa anauliza kitu kimoja: nishani ya baba yake iko wapi. Miaka yote marehemu mumewe alimwambia iko salama, ameihifadhi, asiwe na shaka. Sasa mume hayupo, chumba kimefagiliwa, na nishani haionekani. Mkamwana alikuwa amepekua kila kona. Hakuwahi kuiona hiyo nishani, hakujua inafananaje, na mama mkwe hakumsadiki. Alikuwa ameanza kufunga kabati lake na kulala na ufunguo ndani ya mkono wa blauzi.

Mama Vifungo alipoitoa nishani mfukoni, mkamwana aliziba uso kwa viganja na kushukuru. Walimpelekea bibi, yule mama mkwe, chumbani pamoja.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, mdogo, amenyooka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu; upasuaji ulikuwa umemwachia mwanga na vivuli kwa miaka michache, kisha navyo vikazimika. Alipokea nishani kwa mikono miwili. Alipapasa utepe kwanza, na uso wake wote ukalegea. Halafu vidole vikashuka kwenye chuma. Akaipima uzito kiganjani. Akaigonga kwenye chuma cha kitanda, mara moja, akategea sikio. Ililia kama kifuniko cha sufuria.

"Utepe ni wa baba," alisema. "Hii siyo ya baba."

Alieleza bila kupandisha sauti. Alipokuwa msichana, kazi yake kila Jumapili ilikuwa kusugua tarumbeta na nishani. Aliijua kuliko alivyojua uso wa baba yake. Ukiigonga ililia muda mrefu, mpaka mama yake akamkataza. Na taji lake lilikuwa na shanga za kuhesabu kwa ukucha.

"Nani ameibadilisha?" aliuliza. Aligeuza uso upande wa mkamwana, kisha upande wa mgeni. "Wewe au huyu? Au mmeshirikiana?"

Mkamwana alimtazama Mama Vifungo, na shukrani zote za dakika tano zilizopita zilikuwa zimemtoka machoni. Mama Vifungo alikuwa na ukweli mdomoni. Sentensi moja ingemtosha: ni mumeo aliyeiuza. Angetoka pale msafi. Lakini mtu aliyeficha jambo lile kwa miaka kumi na miwili, akalala nalo na kuamka nalo kitanda hicho hicho, alikuwa amekufa na hawezi kujieleza, na yeye ni nani, mnunuzi wa makopo, wa kumsemea?

"Nipe siku mbili, bibi," alisema. Aliiacha nishani mikononi mwake. Akasindikizwa mpaka mlangoni kama mwizi anavyosindikizwa.

Dada alimwona mjinga. Kama ushahidi upo, utoe, alisema. Marehemu hawezi kushtakiwa. Mama Vifungo alimwambia kwamba maneno yale si yake. Yana mwenyewe.

Asubuhi alikuwa tena kwenye kaunta ya kioo. Miwani alipoombwa aende akamweleze bibi ukweli, alikataa kabla hajamaliza kusikiliza. Akasema ana jina, ana chama, ana wateja. Akauliza kama huo ni vitisho.

"Sikutishi," Mama Vifungo alisema. "Sitamwambia mtu yeyote. Lakini yule bibi anadhani mwizi ni mke wa mwanawe. Hao wataishi nyumba moja, mmoja anaficha funguo na mwingine analia jikoni, mpaka mmoja afe. Wewe ndiye unayejua. Amua mwenyewe."

Walipatana wakutane kesho yake saa nne kwenye kona ya mtaa. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Mama Vifungo alikuwa ameshamhukumu, ameshamwona yuko kwenye basi la mbali na mabegi yake, alipomwona anakuja taratibu, amevaa miwani moja.

Miwani hakukaribia kiti alichopewa. Alisimama mbele ya kitanda akaanza kusema, na hakujipendelea kama alivyofanya dukani. Alisema mume alikuja lini, alikuwa amevaa nini, alisemaje kuhusu macho ya mkewe. Alisema alimdanganya kwamba nishani ni kitu cha dukani. Alisema nani aliinunua halisi, na kwamba faida yake ndiyo iliyolipia kaunta ile ya kioo. Mkamwana alikuwa ameegemea mlango, mkono mdomoni.

Alipomaliza, bibi aliuliza, "Ulimwambia ni kitu cha dukani, akakuamini?"

"Ndiyo, mama. Aliniamini."

"Hakukuamini." Bibi alitikisa kichwa. "Mume wangu alijalidi vitabu vya maktaba yote ya serikali, na kila alichokijalidi alikisoma. Alijua ile ni nini kabla hujazaliwa wewe. Alikuwa na haraka tu. Daktari alisema wiki ile au basi. Alikutazama ukidanganya, akachukua ulichompa, akaja kunishika mkono."

Kwa miaka kumi na miwili, yumkini, jambo pekee lililompa Miwani usingizi ni kwamba yule mzee hakujua. Aliketi sasa, bila kukaribishwa, sakafuni.

Bibi hakuwa akimfikiria Miwani. Alikuwa akifikiri mambo yake. Alisema kwamba siku zile mumewe alikuwa anaamka kumwandalia uji na mikono yake hainuki gundi, naye akadhani ameanza uvivu, akamgombeza. Akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Halafu akatoa ufunguo kwenye mkono wa blauzi akaunyoosha hewani, upande wa mlangoni.

"Mwanangu, njoo uchukue huu," alimwambia mkamwana. "Nimekukosea sana. Nilikula chakula chako nikikushuku."

Mkamwana alikuja akapiga magoti, na ufunguo ulibaki kati ya viganja vyao bila mtu kuuchukua.

Mama Vifungo alikuwa na mkasi mdogo mkobani, kama kawaida yake. Bibi alimwomba aufumue utepe. Akaukunja, akautia kifuani. Kile cha bati alimrudishia aliyekitengeneza, naye alikipokea bila kukitazama.

Miwani aliahidi kuandika barua ng'ambo. Mama Vifungo hakumwamini, na dada yake ndiye hakumwamini kabisa. Walikubaliana kwamba barua hiyo haitaandikwa, na ikiandikwa haitatumwa. Iliandikwa na ikatumwa. Jibu lilichukua miezi miwili. Dada aliikagua bahasha mbele ya dirisha, stempu, muhuri, gundi, mpaka akakosa kasoro. Mkusanyaji alishafariki. Binti yake hakuwa tayari kuachana na nishani, lakini alisema ameguswa, na alituma picha kubwa mbili, za pande zote mbili, zilizopigwa kwa karibu sana.

Mama Vifungo ndiye aliyezipeleka. Alimkuta bibi kitandani na mkamwana kando yake, wanachambua mboga. Mkamwana alikausha mikono akazichukua zile picha, akazishika kwenye mwanga, akaanza kumwelezea mama mkwe wake anachokiona. Alisema mfalme ametangulia mbele na malkia yuko nyuma yake. Alisema joho lina manyoya shingoni.

"Taji," bibi alisema. "Anzia kwenye taji."

Mkamwana akaisogeza picha karibu na macho, akaanza kuhesabu shanga moja moja kwa sauti.